Kabla Gawio Halijakufikia: Niliyojifunza Kuhusu Hisa za Upendeleo

Barua ilinikuta Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, asubuhi ya Jumamosi, nikiwa kibarazani nasubiri mihogo ikaangwe. Ilikuwa taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka wa benki ndogo niliyoiwekea sehemu ya kiinua mgongo changu, baada ya miaka 31 ya kufundisha hesabu. Sitaitaja benki hiyo. Waliokuwamo wanaijua, na ninayotaka kuyasema yanaihusu benki yoyote.

Ajenda zilikuwa nane. Ya saba ilikuwa na mistari miwili tu: wanahisa wanaombwa kuidhinisha hisa za upendeleo zitolewe kwa mwekezaji mmoja ili kuimarisha mtaji wa benki. Nikaisoma, nikaikunja barua, nikaitia kabatini. Siku ya mkutano nilinyoosha mkono kukubali pamoja na wenzangu, tukala wali, tukaagana. Miaka mitatu iliyofuata sikuona gawio hata senti moja, na katika miaka hiyo mitatu benki ilitangaza faida mara mbili.

Nimewafundisha asilimia watoto wa watu maisha yangu yote, na bado inaniuma kwamba siku ile sikukaa na penseli japo nusu saa. Niliyojifunza baadaye nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye hati ya hisa za benki sandukuni.

1. Upendeleo una mwenyewe

Siku nilipoisoma ile ajenda, neno "upendeleo" lilinipitia kama maneno mengine ya barua za ofisini. Sikujiuliza anayependelewa ni nani, wala anapendelewa mbele ya nani. Jibu ni jepesi. Anapendelewa mwenye hisa hizo, mbele ya sisi wenye hisa za kawaida.

Ili kuielewa nafasi ya hisa hizo, tuanze na hatifungani. Mwezi Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Kijiweni kwetu watu walizoea kuiita "hisa za maji". Nikawaambia hizo si hisa. Mwenye hatifungani amekopesha. Analipwa riba yake, na muda ukifika anarudishiwa fedha yake, mamlaka ipate ziada isipate. Mwenye hisa ya kawaida hakukopesha, ameingia ubia: kikipatikana anapata, kikikosekana anakosa. Hisa ya upendeleo imekaa katikati ya hao wawili. Kwa jina ni hisa, na vitabuni huandikwa upande wa mtaji, lakini malipo yake yana kiwango kilichopangwa kama riba, na hulipwa kabla ya gawio lako.

2. Benki inaweza kupata faida nawe usipate kitu

Hili sikulielewa ofisini kwa dalali wala kwenye kitabu. Nililielewa Deep Sea, pale kwenye mnada wa samaki, nimekaa juu ya kreti tupu karibu na shemeji yangu mwenye mashua kule Sahare.

Mashine yake ya zamani ilikuwa imekufa. Jamaa mmoja mwenye uwezo akamletea mashine nzuri kwa sharti moja: kila safari, yakishatolewa mafuta, barafu na chambo, yeye achukue elfu themanini kwanza. Kinachobaki ndicho cha mwenye mashua na mabaharia. Siku hiyo shemeji alikuwa akiniandikia hesabu za safari mbili nyuma ya karatasi ya kufungia sigara.

Safari ya kwanza wameuza samaki wa shilingi 300,000. Gharama 90,000, za mwenye mashine 80,000, zimebaki 130,000. Safari ya pili bahari imechafuka, kusi limeanza kuvuma, wameuza 190,000. Gharama zilezile 90,000, za mwenye mashine zilezile 80,000. Zimebaki 20,000, na walikuwa watu sita.

"Shemeji," akaniambia, "mwenye mashine haulizi bahari imeamkaje."

Nikaichukua ile karatasi. Mauzo yalikuwa yamepungua kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, lakini mgao wao ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 85. Hapo ndipo nilipokumbuka ajenda ya saba. Benki yangu ilikuwa na faida kweli, lakini faida yenyewe haikuvuka kiasi cha yule mwekezaji. Tangu siku hiyo, taarifa ya fedha ikinifikia, siangalii tu mstari wa faida baada ya kodi. Natoa kwanza gawio la hisa za upendeleo, na kinachobaki nakigawanya kwa idadi ya hisa za kawaida. Hiyo ndiyo faida ya hisa yangu.

Na nimtendee haki mwenye mashine. Bila yeye mashua ingekuwa juu ya mchanga mpaka leo. Halafu siku wakikutana na kundi la jodari, yeye bado anachukua themanini zake tu. Anayesimama nyuma kwenye foleni ndiye anayeumia sana siku mbaya na kunufaika sana siku njema. Kosa langu lilikuwa kununua nafasi ya nyuma nikidhani nimenunua nafasi ya mbele.

3. Neno "limbikizo" linastahili kupigiwa mstari

Kuna hisa za upendeleo ambazo gawio lake hulimbikizwa. Mwaka ambao benki haikulipa haufutiki. Unaandikwa, unaongezwa juu ya wa mwaka ujao, na lote lazima lilipwe kabla mwenye hisa ya kawaida hajaguswa. Benki ikipita miaka minne migumu kisha ikapona, faida ya mwanzo wa kupona si yako.

Kuna nyingine zisizolimbikizwa: mwaka ukipita bila malipo, umepita. Benki huzipenda hizi, na sababu imo katika sheria. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 hapa kwetu inazihesabu hisa za upendeleo zisizo na kikomo na zisizolimbikiza gawio kuwa sehemu ya mtaji wa msingi, pamoja na hisa za kawaida. Mtaji wa msingi ndio Benki Kuu inaoutazama kwa jicho kali. Benki iliyopungukiwa, ambayo wanahisa wake wa kawaida wamechoka au hawana fedha, huuona mlango huo uko wazi.

Lakini usidanganyike kwamba zisizolimbikizwa haziwezi kukudhuru. Kwa kawaida masharti yake husema kwamba mwaka ambao mwenye upendeleo hakulipwa, mwenye hisa ya kawaida naye asilipwe. Bodi haiwezi kumruka yeye ikakupa wewe.

4. Foleni ya mfilisi

Hili litakuwa fupi, maana hesabu yake ni fupi. Benki ikifungwa, wanaanza wenye amana na wadai wengine. Wakimalizika, ikiwa kuna kilichobaki, wanafuata wenye hisa za upendeleo. Halafu wewe. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha: Covenant, Efatha, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Mfilisi akawa Bodi ya Bima ya Amana. Mwenye amana alikuwa na kinga ya shilingi milioni 1.5 wakati huo. Mwenye hisa hana bima kokote.

5. Nilichokiona Kenya nilipokwenda kutafuta kosa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipobadilisha mawazo.

Mombasa kwetu ni jirani. Unavuka Horohoro asubuhi, alasiri uko Likoni unakunywa chai kwa ndugu zako. Mpwa wangu aliyeko huko, aliponisikia nikilalamikia hisa za upendeleo, akanishauri nikaisome habari ya National Bank of Kenya. Nikaisoma jioni kadhaa.

Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1968, mali ya serikali, na mwaka 1994 sehemu ya hisa zake zikauzwa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikalemewa na mikopo chechefu. Katika kuiokoa, Hazina ya serikali na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wakawa na hisa za upendeleo zisizolimbikiza gawio: Hazina milioni 900, NSSF milioni 235. Jumla milioni 1,135, kila moja kwa thamani ya kuandikwa ya shilingi 5 za Kenya. Piga hesabu, unapata shilingi bilioni 5.675 zilizokaa mbele ya wenye hisa za kawaida.

Hisa za kawaida zilikuwa kama milioni 338.8. Kati ya hizo NSSF ilikuwa na asilimia 48.05 na Hazina asilimia 22.5. Wananchi na wawekezaji wengine walikuwa na kama asilimia 29.

Mwaka 2019 KCB ikajitokeza kuinunua benki hiyo, si kwa fedha taslimu bali kwa kubadilishana hisa: hisa 10 za National Bank kwa hisa 1 ya KCB. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba kwanza zile hisa zote za upendeleo zigeuzwe kuwa za kawaida, hisa moja kwa hisa moja. Zikageuzwa. Hisa za kawaida zikatoka milioni 338.8 hadi milioni 1,473.8. Wale wananchi waliokuwa na asilimia 29 wakabaki na chini ya asilimia 7.

Nilipoifikia tarakimu hiyo nilifunga daftari kwa hasira. Nilijiona mimi mwenyewe pale, na nikataka kumwandikia mpwa wangu kwamba nimeipata dhuluma niliyokuwa nikiitafuta.

Usiku huo sikulala vizuri. Kuna jambo lilikuwa halijakaa sawa, na mwalimu wa hesabu hulijua hilo kabla hajalijua ni lipi. Alfajiri nikachukua penseli tena. Hisa ya KCB wakati huo ilikuwa karibu shilingi 40 za Kenya. KCB ilitoa kama hisa milioni 147.4 kwa benki nzima. Hiyo ni karibu shilingi bilioni 5.9. Sasa tuseme hisa za upendeleo hazikugeuzwa, na wenyewe wakadai thamani yao ya kuandikwa kwanza, kama mtu wa mbele anavyodai. Bilioni 5.9 toa bilioni 5.675. Kinabaki kama bilioni 0.22, kigawanywe kwa hisa milioni 338.8. Mwenye hisa ya kawaida angepata kama senti 65. Baada ya kugeuzwa, kila hisa yake ilipata sehemu ya kumi ya hisa ya KCB, yaani karibu shilingi 4.

Kwa hiyo kugeuzwa kule hakukuwanyang'anya. Walichonyang'anywa kilikuwa kimeondoka zamani, siku mikopo mibovu ilipokula mtaji na fedha mpya ikaja ikakaa mbele yao. Waliohamishia hisa zao za upendeleo nyuma kwenye foleni mwaka 2019 walikuwa Hazina na NSSF, na mgao wao ndio uliopungua kwa hilo. Nikamwandikia mpwa wangu barua tofauti kabisa na ile niliyokuwa nimeikusudia.

6. Usiugawanye mtaji ambao si wako

Hili limezaliwa na la tano. Mpaka zilipogeuzwa, bilioni 5.675 za upendeleo zilikuwa ndani ya mtaji wa wanahisa katika vitabu vya National Bank, zimeandikwa wazi. Mtu aliyechukua jumla ya mtaji akaigawanya kwa hisa milioni 338.8 alipata thamani kubwa kwa kila hisa, akaiona bei ya sokoni iko chini mno, akadhani ameokota dhahabu. Alikuwa akigawanya fedha za watu wengine.

Tuchukue benki ya kubuni. Mtaji wote bilioni 20, ndani yake bilioni 12 ni za upendeleo, hisa za kawaida milioni 40. Ukigawanya yote unapata shilingi 500 kwa hisa. Ukitoa kwanza bilioni 12, unapata 200. Sasa mikopo mibovu ya bilioni 6 ikifutwa, hasara hiyo haiwagusi wa mbele kwanza. Inakula katika bilioni 8 zenu. Mnabaki na bilioni 2, shilingi 50 kwa hisa. Benki imepoteza asilimia 30 ya mtaji wake, ninyi mmepoteza robo tatu.

7. Sharti la kugeuza hisa

Katika benki yangu mimi, ubaya mkubwa haukuwa katika gawio. Ulikuwa ukurasa wa tatu wa kiambatisho, ambacho hakikuja na barua. Ilibidi ukiombe kwa katibu wa kampuni. Mwekezaji aliruhusiwa kugeuza hisa zake kuwa za kawaida wakati wowote baada ya mwaka wa pili, na bei ya kugeuzia haikuwa tarakimu. Ilikuwa bei ya sokoni ya siku hizo, ikapunguzwa kidogo.

Fikiri nini maana yake. Ana milioni 100 za kugeuza. Hisa yetu ikiwa shilingi 500, anapata hisa laki mbili. Ikishuka hadi 250, anapata laki nne. Ikiwa 100, anapata milioni moja. Kadiri sisi tunavyoumia, ndivyo sehemu yake inavyokua. Na kwa kuwa sokoni wanajua hisa mpya zinakuja, wanauza mapema, bei inashuka tena, na hisa zinazokuja zinazidi kuwa nyingi. Mwanzo wa mwaka wa tatu akageuza. Sehemu yangu ya benki, ambayo hata mwanzo ilikuwa ndogo, ikapungua kwa zaidi ya nusu, na sikuuza hata hisa moja.

Bei ya kugeuzia ikiwa imewekwa wazi kama tarakimu, unaweza kupiga hesabu ya baya kuliko yote kabla hujanyoosha mkono. Ikiwa inafuata soko, haina mwisho. Kwa maoni yangu sharti la namna hiyo mwanahisa wa kawaida asilikubali, hata akiambiwa kwamba benki itafungwa kesho.

8. Wakubwa nao wamepita njia hii

Mwezi Septemba 2008, dunia ya fedha ikitikisika, Warren Buffett aliipa Goldman Sachs dola bilioni 5 kwa hisa za upendeleo zenye gawio la asilimia 10, na juu yake akapewa haki ya kununua hisa za kawaida kwa bei iliyopangwa. Ni dola milioni 500 kila mwaka, zinatoka kabla ya gawio la wengine. Mwaka 2011 benki ilipozinunua tena, ilimlipa bilioni 5.5. Citigroup ilipokea mtaji wa upendeleo wa serikali ya Marekani mwaka 2008, na mwaka 2009 sehemu kubwa ya hisa za upendeleo ikageuzwa kuwa za kawaida kwa dola 3.25. Wanahisa wa zamani walibaki na kama robo ya benki yao.

Nimeyaleta haya kwa sababu moja. Siku benki inapokwenda kwa mwenye fedha ikiwa imeishiwa pumzi, haipangi bei. Goldman Sachs haikupanga, na benki ya mkoani haiwezi kupanga. Kwa hiyo ukisikia hisa za upendeleo zinatolewa, swali la kwanza liwe: kwa nini sasa, na kwa nini hatukuombwa sisi kwanza? Benki inayoomba mtaji kwa wanahisa wake wote, kila mtu kwa kadiri ya hisa alizo nazo, inakupa nafasi ya kulinda sehemu yako ukiwa na uwezo. Katika mkutano wetu hakuna aliyeliuliza hilo, na mimi nilikuwa mmoja wa walionyamaza.

9. Asiye na kura anaweza kuwa na nguvu

Mara nyingi husemwa mkutanoni kwamba mwenye hisa za upendeleo hana kura, basi tusiwe na wasiwasi, benki bado yetu. Ni kweli nusu. Soma masharti uone kama anapata kura asipolipwa gawio, kama anaruhusiwa kuweka wajumbe katika bodi, na kama mambo fulani hayawezi kupitishwa bila idhini yake. Asiye na kura lakini ana haki ya kuzuia ana nguvu kuliko mimi na hisa zangu zote. Pia uangalie kama mwenye hisa za upendeleo ndiye huyohuyo mwenye wingi wa hisa za kawaida, kama ilivyokuwa Kenya. Hapo mtu mmoja amekaa pande mbili za meza, na mwanahisa mdogo anategemea uadilifu wake na jicho la msimamizi wa soko.

Wenzangu wa Tanga, Pangani, Muheza na Korogwe, najua wengi wenu mna hisa za benki mlizonunua kwa jasho, nyingine mmezirithi kwa wazee. Taarifa ya mwaka ikija, fungueni kwenye maelezo ya mtaji wa hisa, mwishoni kabisa ambako herufi ni ndogo. Tafuteni hisa za upendeleo ni ngapi, gawio lake ni asilimia ngapi, linalimbikizwa au halilimbikizwi, na zinageuzwa kwa bei gani. Kiambatisho kisipokuwamo kwenye barua, kiombeni kwa maandishi kabla ya mkutano. Na asiyeweza kusafiri amtume mwakilishi, lakini amwandikie kura yake kwa kila ajenda. Mimi nipo kibarazani kila siku baada ya alasiri. Njooni na hati zenu, penseli ninayo.